Memorandumu kwa Ajili ya Ng'ombe wa Kwenye Mashine

Kompyuta niliyorudi nayo kutoka Itebero haikuwa ya kumfanya mtu aone wivu. Mradi uliokuwa unatutembeza msituni kupima miti ulipofungwa, kila mmoja wetu aliambiwa aondoke na mashine aliyokuwa anaitumia. Yangu ilikuwa ndogo, ya zamani, kifuniko kimepasuka pembeni, na ndani yake ilikuwa na mfumo wa Linux badala ya Windows, kwa sababu mkuu wetu alipenda vitu visivyodai leseni. Mimi nilishazoea. Niliibeba mgongoni mpaka Hombo, nikazunguka na magari ya mizigo, nikafika kwa wazazi Kirolirwe nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

Nilimkuta Papa, baba yangu, amenyamaza. Sisemi kwamba alikuwa mgonjwa, ingawa nyonga yake ilikuwa imekwisha na hakuweza kuvuka hata uwanja wa kanisa. Alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote, na vita ilipopita kwenye kilima chetu walichukuliwa wote asubuhi moja, yeye akiangalia. Tangu hapo alikaa mlangoni na kujibu watu kwa kukohoa. Mama aliniambia bila kupunguza sauti, ilhali mwenyewe yuko pale pale: "Ule muntu alienda na ngombe zake. Kenye kulibakia ni kiti."

Mchezo niliuweka kwa ajili yangu mwenyewe. Nilikuwa sina kazi, na mimi nikikosa kazi ninakuwa na ulimi mbaya. Ni mchezo wa kufuga: unapewa malisho, unanunua ng'ombe, unawalisha, wanazaa. Kundi lako linatunzwa na kampuni huko mbali, na wewe unaingia kulitazama kwa mega za intaneti ya simu. Siku ya tatu nilisikia mtu anapumua nyuma ya bega langu.

"Ile ngombe iko na mimba," Papa alisema. "Unaikimbiza ju ya nini?"

Baada ya juma moja sikuwa tena na kompyuta. Alijifunza kushika kipanya kwa mikono miwili, kama anashika ndama anayeruka. Na maneno yalirudi, hasa ya kulalamika. Waliotengeneza mchezo huu hawajawahi kumwona ng'ombe, alisema. Pembe ziko wapi? Kupe wako wapi? Mvua inanyesha na matope hayaonekani, hii ni nchi gani? Juu kwenye kona ya kioo mchezo uliandika idadi ya ng'ombe wako, na hilo lilimkasirisha kuliko yote. Ng'ombe hawahesabiwi, unawatazama tu na unajua nani hayupo, ukiwahesabu unaita mkosi. Aliomba sparadra, plasta ya vidonda, ya kwenye kikapu cha Mama akaibandika juu ya ile namba, na ikabaki pale.

"Unakamua tangu asubui," Mama alimchokoza. "Maziwa iko wapi, tutie mu chai?"

"Ngojea, iko inapoa," alijibu, na Mama akacheka hadi akaweka sufuria chini. Nilikuwa na furaha siku zile, na sioni aibu kusema kwamba furaha hiyo ilitoka kwenye mchezo wa kompyuta.

Tangazo lilikuja kwa Kifaransa, kabla ya mchezo kufunguka. Kuanzia mwisho wa mwezi unaofuata, mchezo hautatengenezwa tena kwa ajili ya Linux, kwani wanaoutumia huko ni wachache mno. Anayetaka kuendelea na kundi lake ahamie Windows. Walituomba radhi kwa usumbufu. Hawakusema kundi la asiyehama litakwenda wapi, nami nilisoma mara tatu nikilitafuta hilo tu.

Sikumwambia Papa. Nilipanda pikipiki hadi Masisi-centre, kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo anayeuza sabuni, misumari na simu, na ambaye watu wote wa pande zetu wanampelekea mashine zao. Ni mtu wa misa ya kila asubuhi na hana haraka. Aliigeuza kompyuta yangu kama mtu anayenunua kuku.

"Dada, hii Linux yako haiko na bantu ba kuitumia," alisema. "Kitu kisicho na bantu, nani atakipikia?"

Aliitia Windows. Mashine ilipata moto, feni ikalia, na kabla haijafunguka ungeweza kumenya viazi vya nyumba nzima. Mchezo wenyewe ukakataa kabisa: mashine haina nguvu ya kuchora picha za toleo la Windows. Tukaujaribu kwenye kompyuta ya duka lake, nayo ikakataa kwa maneno yale yale. Alinirudishia Linux yangu na hakutaka nimlipe, jambo lililonitia hofu zaidi.

Nilikwenda kwenye baraza la mtandaoni ambako watumiaji wa Linux hukutana. Nilikuta ugomvi na matumaini mengi. Wengine walisema mambo ya michezo kwetu yanakwenda vizuri, hayajawahi kuwa mazuri hivi, subirini kidogo tu, kila mchezo utafunguka. Nilipochimba chini niliona waliandika hivyo hivyo miaka ya nyuma. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba kuna njia ya kuuchezesha mchezo wa Windows ndani ya Linux. Ninachohitaji ni mashine mpya na mtandao wa haraka. Nilimshukuru. Kisha nikafunga simu na kutukana kwa lugha tatu, maana huo ushauri ulikuwa wa kweli na haukunisaidia chochote.

Zikiwa zimebaki wiki tatu nilimwambia. Alisikiliza, mkono ukiwa juu ya kipanya.

"Banasema tuko kidogo?"

"Ndiyo, Papa. Banahesabu benye kutumia Linux, banaona tuko kidogo."

"Nani alikuya huku kutuhesabu?"

"Hakuna mwenye alikuya. Mashini njo inahesabu."

"Basi haiyatuona." Akaniangalia kama nimechelewa kuelewa. "Leta karatasi."

Huku kwetu, mtu mkubwa akikutendea vibaya unamwandikia memorandumu. Papa aliijua kwa moyo: kwanza heshima, halafu sababu, halafu ombi, chini yake nakala kwa msimamizi wa teritware, yaani wilaya yetu, kwa kumjulisha tu. Alinitamkia neno kwa neno, nami nikaandika kwa Kifaransa. Sisi wachungaji, walimaji na akina mama wa kilima hiki tunaiomba kampuni isituondolee mchezo. Kisha akataka sahihi, na kwa kuwa nyonga ilimzuia, nilizitafuta mimi.

Nilizunguka na daftari lile kwa aibu nisiyoweza kuieleza. Katekista alitia sahihi. Akina mama waliotoka kuvuna viazi walipaka wino wa kalamu ya biki kwenye dole gumba wakabonyeza. Jirani yetu mlimaji, ambaye miaka yote aligombana na Papa kwa sababu ya mashamba kuliwa, aliniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri.

"Ngombe ya mu kioo haitanikulia maharagi," alisema. "Leta biki. Hizo azifuge hata elfu."

Nilirudi kwa Papa nikamwambia ukweli. "Papa, hawa bote habachezi."

"Habachezi ju habana mashini," alisema. "Siku batapata, batacheza muchezo gani?"

Nilipiga picha kurasa zote, nikazituma kwenye anwani ya malalamiko ya kampuni.

Jibu lilifika kabla juma halijaisha. Mpendwa mchezaji, asante kwa kutuandikia, maoni yako ni muhimu sana kwetu. Uamuzi hautabadilika. Kama ishara ya shukrani wanatupa zawadi: ruhusa ya kucheza bila malipo, kwenye Windows. Nilikuwa nimeliona jibu hilo hilo kule barazani, neno kwa neno, watu wengine wamelipokea. Sidhani kuna binadamu aliyeziona zile alama za vidole gumba vya akina mama.

Nilimsomea Papa, nikitegemea hasira. Tungekuwa na hasira wawili.

"Kumbe banajibu," alisema taratibu.

"Banajibu, Papa, lakini banakataa."

"Nimesikia. Ile ya ngombe zetu, tuliandika memorandumu tatu. Tuliipeleka kwa miguu. Hata karatasi moja haikurudia." Akavuta kiti karibu. "Soma tena. Soma pale banasema asante."

Nilisoma tena, kwa sauti ya heshima, kama ninasoma barua ya askofu. Hasira nilibaki nayo peke yangu, bila mtu wa kumlipizia.

Wiki mbili zilizobaki aliwachunga vizuri kuliko mwanzo. Aliwahamishia malisho ya juu, akangoja mmoja azae. Sikujua nimwombe aache au aendelee, kwa hiyo nilikwenda kuongeza mega.

Asubuhi ya kwanza ya mwezi alikuwa ameshanawa na kuvaa koti nilipofungua kompyuta. Kioo kilibaki cheupe, katikati sentensi moja: mfumo huu hauhudumiwi tena. Nilizima nikawasha. Nilihama na simu hadi kwenye ua, nikairudisha ndani, nikamaliza mega zote. Mama alisimama na beseni la maharagwe na hakumchokoza.

Papa alikigusa kile cheupe kwa kidole.

"Ziko kule, ni sisi tunakosa mulango?" aliuliza. "Ao zilikufa?"

"Sijue, Papa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayenisamehe.

"Hata zile zingine," alisema, "mupaka leo sijue."