Kontena letu lilikwama bandarini, na karatasi iliyolikwamisha niliiandika mimi

Wakuu, salamu kutoka Bunia, mashariki mwa Kongo. Haya yamenipata mwenyewe, na sehemu yenye aibu sitairuka.

Kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za mizigo inayopitia bandarini. Huku tuko mbali sana na bahari, kwa hiyo watu kumi au zaidi hujaza kontena moja pamoja.

Safari hii ndani mlikuwa na mashine kumi na mbili za kushonea za Mama Furaha. Alikimbia vita Djugu, sasa anaishi mtaa wa Nyakasanza hapa Bunia na wenzake sita waliokimbia pia.

Shule moja iliwapa kazi ya kushona sare. Mashine zisipofika kabla ya wiki ya mwisho ya likizo, kazi inaenda kwa fundi mwingine.

Kontena likakaa bandarini wiki tatu.

Kila asubuhi Mama Furaha alipita kwenye biro, yaani ofisi yetu. "Papa, bale batu ba bandari banalala?"

"Ni wavivu tu, mama." Nilijibu hivyo bila wasiwasi wowote.

Kisha patron, bosi wangu, akanituma pwani kwenye mafunzo ya wiki moja. Msongamano ulikuwa umewazidi watu wa bandari, wakaamua kuwafundisha pamoja waendesha kreni, makarani wa yadi na sisi watu wa karatasi.

(Nilikwenda nimejiandaa kugombana, niseme ukweli.)

Mwalimu alikuwa mama aliyepanga makontena yadini kwa miaka mingi. Akataka kila mmoja atoe orodha aliyoandika. Nikatoa ya kontena letu, kwa majivuno.

Akaisoma kwa sauti: "Mama Furaha, mizigo kumi na miwili. Papa Longin, mizigo thelathini. Mjomba wa Iga Barrière, mizigo minane."

Akaniangalia. "Na ndani ya mizigo mna nini?"

Bunia tunaandika hivyo. Jina la mwenye mzigo linatosha, maana tunajuana.

Mwendesha kreni mmoja akainuka. "Kumbe ni wewe! Hilo kontena nimelishusha mara nne. Wakaguzi wanafungua, hawajui watafute nini, wanafunga, wananiambia rudisha. Na nyuma yake foleni!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Tuirekebishe leo," akasema.

Tukapiga simu Bunia, mzigo kwa mzigo: ni kitu gani, ni vingapi, kimekaa wapi kuanzia mlangoni. Kesho yake wakaguzi walifungua mara moja tu, na kontena likaondoka.

Mashine zilifika Bunia siku mbili baada ya muda uliowekwa na shule. Shule ilikuwa imempa fundi mwingine nusu ya sare. Nusu ilimsubiri Mama Furaha.

Nikaenda kumwambia ukweli.

"Wiki tatu tunatukana batu ba bandari, kumbe ni weye?"

"Ni miye, mama."

"Basi kaa hapa. Shika mukasi. Utakata nyuzi mpaka sare ya mwisho."

Wale wenzake sita walicheka hadi mashine zikasimama. Nilikata nyuzi Jumamosi tatu, wakuu, na kidole bado kina alama.

Nilichojifunza: yule wa kreni hamjui Mama Furaha, ana karatasi yangu tu. Siku hizi naandika kitu kwanza, jina la mwenyewe linafuata chini.

Na nyinyi mnaosafirisha mizigo, orodha zenu mnaziandikaje? Semeni, hata mkinicheka nimeshazoea.