Shangazi Aihukumu Filamu ya Shahidi

Miaka ile ya tisini, kwenye banda la video la mjini Ifakara, mimi nilikuwa hakimu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina Kiingereza cha kuombea maji, na filamu za mapigano nilizipenda kuliko nilivyopenda kwenda kusuka nywele. Watu wakitoka bandani walinisubiri mlangoni waniulize kama ile ilikuwa kali au tumeibiwa. Nami sikuwa na huruma. Adui akipiga risasi mfululizo bila kujaza bunduki, nilisema tumeibiwa.

Lakini filamu mbovu kuliko zote nilizowahi kuona sikuihukumu mimi. Aliihukumu shangazi, dada yake baba, niliyekuwa nikiishi naye Lumemo. Na yeye hadi siku hiyo hakuwa amekanyaga banda la video.

Kila mwaka mpunga ulipoanza kutoa masuke tulihamia shamba. Huko kila kaya ilikuwa na dungu lake, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kazi yetu ilikuwa kukaa juu yake tangu alfajiri tukiamia ndege, kuwafukuza kwa makelele na kombeo la kurushia udongo. Ndege wakitulia, watu waliongea, dungu kwa dungu, kwa sauti za kukwaruza koo. Nani kajifungua, nani kanuna na mumewe, yote yalivuka bonde kabla chai haijachemka. Anayetaka siri asilime mpunga.

Mwaka wa filamu hiyo, asubuhi moja kunapambazuka, ng'ombe waliingia kwenye shamba la jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wadogo. Shangazi alipiga kelele toka juu ya dungu, lakini hadi wanatoka, sehemu kubwa ya mpunga ilikuwa imelala chini. Ule ndio uliokuwa wali wa watoto wale kwa mwaka mzima. Shangazi alimwona aliyekuwa akiwaswaga wapite njia ya mkato kwenda mtoni: mwenye ng'ombe mwenyewe, na kofia yake ya pama. Mama yule alipopeleka malalamiko baraza la kata, mwenye ng'ombe alikana. Alisema mifugo yake ilikuwa zizini na yeye alikuwa kitandani. Shahidi alikuwa mmoja tu, shangazi; mimi nilikuwa bado usingizini.

Sasa mwenye ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na kwetu. Ndiye mwenye banda la video pia. Na juu ya yote, kwa kabila lake na letu, alikuwa mtani wetu. Mtani anaweza kukutukana msibani ukiwa unalia, na wewe unapaswa kucheka. Kumkasirikia mtani ni aibu, wala hakuna wa kumshtakia.

Jumapili, tukitoka kanisani, alimkuta shangazi njiani.

"Mtani, bado hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe unichimbie kaburi," shangazi alimjibu. "Tatizo jembe hulijui."

Wakacheka. Kisha yule bwana akasema, "Leo kuna mkanda mpya umeshuka na treni. Ni wa shahidi. Njoo uone mashahidi wanavyofanywa. Kiingilio nimekusamehe."

Akacheka tena, na shangazi akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia asiende, ule haukuwa utani. Akanijibu kwamba mwaliko wa mtani haukataliwi, akafunga pepeta kwenye kitambaa, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa tuliokuwa tukitafuna mchana kutwa shambani, akatangulia.

Filamu yenyewe, niseme ukweli kama hakimu, ilikuwa takataka. Mtu mmoja kaona mauaji, majambazi wanamtafuta asifike mahakamani. Polisi wanamficha nyumba hii, wanamhamishia ile. Anaambiwa asifungue mlango, anafungua. Anaambiwa asiwashe taa, anawasha. Gari lililopinduka mwanzoni, jekundu, lenye mkwaruzo mlangoni, likapinduka tena katikati, na mkwaruzo wake ule ule. Nilianza kupanga maneno ya kusema mlangoni.

Pembeni ya televisheni alikaa mkalimani na kipaza sauti chake, kijana mwenye maneno mengi kuliko wachezaji wote. Kiingereza changu kilitosha kusikia jambazi akimwambia mwenzake alete gari, basi. Mkalimani akatutafsiria: "Mdomo uliponza kichwa! Shahidi akitoa ushahidi wake, anapewa na sanda yake!" Akageuka kumtazama shangazi. Watu wakacheka, wengine wakageuka pia. Shangazi alikuwa anatafuna pepeta.

Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ile ile ya kuamia ndege: "Huyu mwanamume hana kwao?"

Watu wakamnyamazisha.

"Nauliza tu. Kahamishwa nyumba zote hizo, hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kumwuliza kaamkaje. Hata mtani wa kumzika hana?"

Banda likaangua kicheko. Mkalimani akachanganyikiwa, akasahau kipaza sauti kiko wazi. "Shangazi, huko Ulaya ndivyo wanavyoishi."

"Basi watakwisha," alisema shangazi, akaendelea kutafuna.

Hatimaye shahidi akafika mahakamani. Akaanza kupanda ngazi ndefu za mawe, peke yake, na nyuma yake jambazi katoa bastola. Hapo hapo jenereta likazima. Watu walipiga kelele, wakadai warudishiwe chao, na mwenye banda akasimama mlangoni kusema mafuta yamekwisha.

"Mwisho mtauona siku nyingine," alisema. Kisha akamtazama shangazi. "Ila mwisho wa shahidi kila mtu anaujua."

Siku hiyo hakuna aliyeniuliza hukumu yangu. Njiani nilimwambia shangazi kwamba yale maneno ya sanda hayakuwemo, mkalimani kayatunga.

"Nilijua," alisema. "Mdomo wa mzungu ulikuwa umeshafungwa, yeye bado anaongea."

Tukavuka daraja. Hapo akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake. "Naogopa, mwanangu. Akinifungia mashine, mpunga wangu nitaukoboa wapi? Nitautwanga wote kwa kinu, na mabega haya?" Akatembea kidogo. "Lakini nilimwona."

Nilidhani asubuhi angeamka amebadili nia, na ningekuwa mwongo nikisema sikuombea hivyo. Badala yake alipanda dungu, akawafukuza ndege wa kwanza, akamwita jirani wa dungu la pili.

"Jirani! Jana nimeona filamu mbovu!"

Basi akaisimulia yote, akiikatiza kuamia ndege, na kila alipofika kwenye ujinga wa shahidi alisimama kuuhukumu. Hakuacha hata maneno ya mkalimani. Aliyasema yalivyosemwa, akasema na waliogeuka walimtazama nani, wala hakuongeza neno. Jirani wa dungu la pili akalipokezea la tatu, la tatu la nne. Jioni filamu ilikuwa imeshafika mashamba ambayo mimi sikuyajua, na ikawa inarudi imenenepa. Shahidi alikuwa amepata mke mkorofi. Jambazi alikuwa amepata ng'ombe. Mimi mtaalamu niliumia sana, nikataka kusimama nisahihishe, shangazi akaniambia nishike kombeo.

Maswali nayo yalirudi dungu kwa dungu. Huko alikojificha alikuwa anapikiwa na nani? Mama yake yuko wapi? Na kubwa kuliko yote, lililokuja kila asubuhi: mwisho ikawaje? Shangazi aliwajibu kwamba mwisho haujaonyeshwa, na akawatajia siku ya baraza.

Siku hiyo ilikuja ndege wakiwa wamepamba moto. Katika wiki hizo hakuna mkulima anayeshuka dungu mchana, maana shamba lisilo na mtu ni karamu yao. Kwa hiyo nilijua tutakuwa watatu: shangazi, mama mjane na mimi. Ofisi ya kata ilikuwa na viti vichache, nasi tulikaa upande mmoja tumebanana. Mwenye ng'ombe alikaa upande wa pili, kofia magotini, ameridhika.

Kesi ilipotajwa tu, wakaanza kuingia. Wanawake wa madungu, miguu ina tope hadi magotini, makombeo yamening'inia mabegani. Viti havikutosha, wakakaa chini nyuma ya shangazi, na waliokosa nafasi wakajaa dirishani. Katibu wa baraza akauliza wao ni nani katika shauri hili.

"Hatuna shauri," alijibu jirani wa dungu la pili. "Tumekuja kuona mwisho wa filamu."

Shangazi akasimama. Akaeleza alichokiona. Mwenye ng'ombe akaruhusiwa kumwuliza, naye akatabasamu kama yuko bandani kwake.

"Mtani, kulikuwa na giza. Huyo mtu ulimtambuaje, nawe unasema alikuwa na kofia?"

"Uliivua, mtani, ukamchapia ndama. Siku hiyo kilichotangulia kupambazuka ni kipara chako."

Ofisi nzima ililipuka. Mwenyekiti wa baraza aliinama mezani kuficha meno. Na yule bwana, kwa kuwa kaumbuliwa na mtani na mtani hakasirikiwi, akacheka hadi akapiga paja. "Huyu mama ana macho!" alisema. "Na yule ndama mkaidi kweli kweli."

Kicheko chake kilikuwa cha mwisho kunyamaza. Mwenyekiti alikuwa ameinua kichwa.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema.

Aliamriwa kumlipa mama mjane mpunga toka ghalani kwake, mavuno kwa mavuno. Hakubisha. Nadhani alikuwa anawatazama wale wanawake na kukumbuka kwamba hao wote ndio wanaokoboa kwake. Tulipotoka alimfuata shangazi mlangoni, maana mtani hashindwi kusema.

"Haya, hakimu. Filamu yangu uliionaje?"

"Mbovu," alisema shangazi. "Shahidi wenu alipanda ngazi peke yake."

Tulirudi mbio. Ndege walikuwa wamekula upande wote wa mtoni wa shamba letu, masuke yamesimama matupu. Nilitaka kulia. Shangazi alipanda dungu, akaokota kombeo, akamwita jirani wa dungu la pili kumwuliza kwake kukoje.

"Wamekula!" sauti ikarudi. "Uliza na kwa wengine!"

Akauliza. Toka dungu hadi dungu, hadi kule tusikoweza kusikia vizuri, jibu lilikuwa moja. Walikuwa wamekula kwa wote.