Kadi ya Benki na Bakuli la Maharage

Nilirudi kijijini kwetu Kinyala, Rungwe, na begi moja la nguo, kompyuta iliyokufa betri, na kadi ya mkopo ambayo bibi yangu aliidhania kuwa kitambulisho cha mpiga kura.

Mkataba wangu wa kazi Dar es Salaam ulikuwa umekwisha bila kuongezwa. Ilikuwa ile miaka ambayo benki binafsi ziligombania watu wenye mishahara kama wachuuzi wa Kiwira wanavyogombania basi lililosimama: ndizi imeshaingizwa dirishani kabla hujasema unaitaka. Mimi, kijana wa chuo kikuu niliyejisifu kwamba sidanganyiki, niliichukua ile ndizi. Kilichonivuta ni kwamba kadi ilirudisha pesa. Ukinunua vitu vya shilingi elfu kumi, mia moja inarudi kwako. Nilimuuliza yule dada wa benki maswali mpaka akachoka, lakini sikumuuliza mia ile inatoka mfukoni mwa nani.

Nilikuja kupata jibu baadaye, nikiwa peke yangu na kijitabu cha masharti. Kila mwezi nilikuwa nalipa kile kiwango cha chini na kuacha deni lililobaki liendelee. Riba juu ya deni hilo ilihesabiwa kwa siku. Nililirudia lile neno mara kadhaa: kwa siku. Jumapili nikiwa kanisani, riba inahesabiwa. Nikiwa na homa, inahesabiwa. Nilishangaa jinsi unavyoshangaa unapotambua kwamba mgomba hukua hata usipoutazama. Mia yangu ilikuwa inatoka kwangu mwenyewe, na kila iliporudi ilikuwa imewaacha wenzake wengi kule ilikotoka.

Basi nikaamua kuifunga ile kadi. Taarifa ya akaunti ilinifikia kwenye sanduku la posta la kanisa pale Tukuyu wiki mbili baada ya kuchapwa, ikiwa na onyo kwamba mwisho wa mwezi ada ya mwaka ingekatwa. Nilikuwa na pesa ya mshahara wa mwisho. Ilitosha deni lililoandikwa, na juu yake ikabaki nauli ya kwenda Mbeya na kurudi. Sikuwa na kitu kingine.

Nilimweleza bibi jikoni, akimenya ndizi za mbalaga. Alikuwa amenilea tangu nikiwa na miaka minne, na kwa desturi ya mabibi aliniita mume wake.

"Kwa hiyo, mume wangu," alisema, "umekopa kwa watu usiowajua, ukanunua friji, na friji yenyewe umeiacha Dar."

"Niliiuza, bibi."

"Kwa bei ya kununulia?"

Nikachukua ndizi moja, nami nikaanza kumenya.

"Gwe, wewe! Na hao wakikudai zaidi ya hizo ulizonazo?"

"Hawatadai zaidi. Nimesoma kila kitu."

Aliweka kisu chini. Nyuma ya nyumba alikuwa amefungwa mtamba wake, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mwenye mimba ya kwanza. Kijiji kizima kilijua kazi ya yule mtamba. Bibi alikwishawatangazia watoto wake wote kwamba huyo ni ng'ombe wa msiba wake, asije akafa watu wakalishwa kabichi badala ya nyama.

"Sikiliza," alisema. "Mwezi ukiisha na hilo deni bado lipo, mtamba anauzwa. Sitaliacha deni lilale ndani ya nyumba yangu eti kwa sababu ninaogopa kuzikwa kwa kabichi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba ananiambia kweli, na kwamba mimi, msomi wa familia, nilikuwa njiani kula nyama ya msiba wa bibi yangu akiwa bado hai.

Kesho yake alinituma kurudisha maharage. Tulikuwa tumekopa bakuli moja kwa mama mmoja jirani, ng'ambo ya kijito, nasi sasa tulikuwa tumevuna ya kwetu. Nikachukua bakuli lile lile, nikalijaza, nikapitisha kiganja juu likawa sawasawa.

"Unafanya nini?" bibi aliuliza.

"Napima. Walitupa hivi hivi, limesawazishwa."

"Walitupa sawa, tunarudisha kilima. Nani alikulea wewe?" Akachota konzi mbili, akamimina juu mpaka maharage yakasimama kama kichuguu.

Sikuweza kunyamaza. Tangu darasa la tano nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini, na chuo kilikuwa kimeniongezea ugonjwa huo. "Bibi, hiyo si ndiyo riba? Jumapili iliyopita mchungaji kasema riba ni dhambi, nawe ukaitikia amina."

"Riba anaitaja anayedai. Hiki nani kakitaja?"

"Basi ni shukrani."

"Shukrani nitamwambia kwa mdomo, mdomo ninao. Hiki ni cha njia."

"Cha njia?"

"Njia nayo inakula, mume wangu. Nenda utaona."

Nikaenda nikinung'unika moyoni kwamba wazee hujenga jibu lolote mradi swali likome. Mvua ya Rungwe ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na kile kitelemko cha kwenda kijitoni kilikuwa utelezi mtupu. Sikuanguka. Niliteleza mara moja nikashika mgomba, mara ya pili nikapiga goti, na kwenye ubao wa kuvukia mkono ulitikisika kidogo. Kila mara nilisikia maharage machache yakidondoka kwenye majani. Nilipofika kwa yule mama na kumkabidhi bakuli, alipitisha kiganja chake juu, kwa mazoea tu, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Hakuna punje iliyoanguka. Bakuli lilikuwa sawasawa.

Nilisimama pale nikilitazama. Nafikiri nililitazama kupita adabu, maana aliniuliza kama ninaumwa.

"Hapana, mama. Nilikuwa naangalia tu."

"Maharage hujawahi kuyaona? Kweli Dar mmekula chipsi." Akaingia ndani, akayamimina, akarudi na bakuli lenye mayai mawili ndani. "Chombo hakirudi kitupu. Mwambie bibi yako ndaga fijo, nashukuru sana."

Nilipanda kilima nikishika yale mayai kama mtu aliyebeba mtihani wa taifa. Hapa palikuwa na watu waliokopeshana, wakarudishiana zaidi, na mkopeshaji naye akarudisha kitu kwa mkopaji. Kadi yangu ilijisifia jambo hilo hilo kwa karatasi za rangi. Lakini katika bakuli hili sikuweza kuona ni nani aliyeliwa, na nilimtafuta kweli, kwa sababu sikuamini kwamba hayupo.

Jumatatu nilipanda kule juu kwenye mashamba ya chai, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, nikawapigia benki. Dada aliyepokea alikuwa mwema na mwepesi. Aliniuliza kama kuna malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi kwenye kadi. Nikakumbuka king'amuzi cha nyumba niliyohama. Alinishauri niyasimamishe kwanza kwa wenye king'amuzi, la sivyo yangeingia baada ya kulipa na kulifufua deni. Kisha akasema pesa yangu ya kurudishiwa ilikuwa imekusanyika, na nikifunga kadi bila kuiomba inapotea. Akaielekeza ipunguze deni pale pale. Nilijiona mjanja sana.

"Na sasa nilipe kiasi gani ili niwe nimemaliza?"

"Kiasi kilichopo kwenye taarifa yako, ukitoa hiyo tuliyoipunguza. Hilo ndilo deni kwa tarehe ya taarifa hiyo, kaka. Halafu andika barua ya kufunga, na usiondoke bila kuomba barua ya uthibitisho."

Nikawapigia wenye king'amuzi wakayasimamisha, kisha nikateremka nikiimba. Bibi alikuwa anamkatia mtamba vigogo vya mgomba. Nikamsimulia neno kwa neno, kwa kuwa alipenda kusikia watu walivyosema hasa.

"Deni kwa tarehe gani?" aliuliza.

"Ya taarifa."

"Nayo ilikuwa lini?"

"Wiki mbili zimepita. Zaidi kidogo."

"Na wewe unapeleka lini?"

"Alhamisi."

Alimpa ng'ombe kipande kingine. "Na tangu hiyo tarehe mpaka Alhamisi, deni lao limelala au linakula?"

Niliitoa ile taarifa mfukoni, nikaitazama tena tarehe yake. Kwa siku. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mwenyewe, nikayastaajabia mwenyewe, kisha nikayasahau kwa sababu sauti nzuri ilinitajia namba. Kati ya karatasi ile na dirisha la benki palikuwa na njia ya karibu wiki tatu, nayo ilikuwa inakula. Ningelipa hadi shilingi ya mwisho iliyoandikwa, nikarudi nyumbani nikijua nimemaliza, na kule nyuma kingebaki kijideni kidogo kisichoonekana, kinachozaa riba yake, kikisubiri ada ya mwaka iukute mlango uko wazi.

"Bibi, wewe umejuaje?"

"Nimejua nini? Mimi nimeuliza tu." Akafungua pindo la kanga, akatoa pesa ya mikungu ya ndizi, noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama vijiti. "Weka kilima."

"Ni nyingi mno. Hata nikikosea, haiwezi kufika hapa."

"Kilima hakipimwi na mtu, hupimwa na njia. Nenda."

Niliuliza swali moja la mwisho, na sasa nalionea aibu. "Na wakizila hizo zilizozidi?"

"Tutawajua ni watu gani," alisema. "Kwa bei hiyo, si ghali."

Alhamisi nilitembea mpaka barabara kuu, nikapanda kosta ya Mbeya. Kwenye dirisha la benki karani alihesabu, akahesabu tena, akanitazama.

"Umezidisha, kaka."

"Najua. Weka zote."

"Watu hapa wanakuja kulia kwamba tumewakata sana. Wewe unatuletea za juu?" Akamwita mwenzake aje anione. "Huyu anatoka wapi?"

"Rungwe," nikasema.

"Aa," mwenzake akasema, "kwenye viazi vya lumbesa. Hawa hata pesa wanajaza mpaka juu ya gunia." Wakacheka, nami nikacheka. Kisha karani akaniambia kwa utaratibu kwamba kikibaki chochote baada ya hesabu za mwisho, lazima wanirudishie kwanza ndipo akaunti ifungwe, kwa hiyo nirudi baada ya siku kumi. Nikaacha barua yangu, nikagongewa mhuri kwenye nakala.

Siku zile kumi zilikuwa ndefu. Sikuuliza chochote, jambo lililomtisha bibi. Asubuhi nilimkatia mtamba majani, jioni nikambadilishia kamba, na nilikwepa kumtazama machoni kama mtu anavyomkwepa shahidi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili niliporudi Mbeya, nauli nikiitoa kwenye ile pesa iliyopunguzwa kwenye deni.

Karani yule yule alinipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mwisho. Chini ya malipo yangu palikuwa na mstari mmoja: riba, kuanzia tarehe ya taarifa hadi siku niliyolipa. Niliusoma nimesimama, watu wakinipita. Kiasi hicho kilikuwa kimekula karibu kilima chote cha bibi. Kama ningelipa sawasawa, kama nilivyotaka kupeleka maharage, ningekuwa na deni siku ile, na ada ya mwaka ingelikuta. Ya pili ilikuwa barua: akaunti imefungwa, haidaiwi kitu. Pamoja nazo karani alinisukumia noti moja na sarafu, masalio ya kilima.

Nimesoma vitabu vingi kabla na baada ya siku ile, na nimeshangazwa na vichache. Mwanamke asiyejua kusoma, ambaye hakuwahi kuingia benki, alikuwa ameuona ule mstari wiki mbili kabla haujachapwa. Hakuuona kwa hesabu. Aliujua kama anavyojua kitelemko cha kijitoni. Mpaka leo nikipewa namba yoyote ya mwisho, hujiuliza ni ya tarehe gani na njia yake ina urefu gani, na hushangaa kwamba chuo hakikunifundisha swali hilo.

Kwa ile noti na sarafu nilinunua nusu kilo ya sukari Kiwira. Nilimkuta bibi uani. Nikamsomea barua, mara mbili, kwa sauti. Aliipokea sukari, akaipima kwa mkono.

"Hii ni yao?"

"Iliyobaki kwenye kilima. Waliirudisha."

Alifikiri kidogo. "Kumbe nao wana mama zao," alisema.

Nikaiweka kadi juu ya gogo la kupasulia kuni, nikaikata kwa panga vipande vinne. Bibi aliokota kimoja, akakijaribu kwa kidole, akasema kitafaa kukwangulia ukoko wa sufuria. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akizungumza na mtamba kwa Kinyakyusa, taratibu, akimwambia azae salama kwanza, ule msiba bado.