Sikuhama Kiti Al Jaddaf

Nilikwenda kwa sababu niliambiwa si kwetu. Mimi ni mlinzi katika jengo la ghorofa nyingi huko Dubai Marina, na pale mapokezi ninaposimama, muziki wa klasiki hutoka darini tangu naingia zamu hadi natoka. Hakuna anayeimba, ni fidla na wenzake tu. Nimeusikia mwaka mzima bila kujua jina la kipande hata kimoja. Siku moja kioo cha matangazo ndani ya lifti kikaonyesha kwamba Jumamosi alasiri, Al Jaddaf, kutakuwa na onyesho la kuwajulisha muziki huo watu wanaoanza. Nikasema moyoni, hao wanaoanza ni mimi.

Nilipowaambia wenzangu kazini, aliyecheka ni Kamau, msimamizi wetu wa zamu. Yeye huimba besi katika kwaya yetu ya Wakenya hapa, nami naimba alto, yaani sauti ya pili, kwa hiyo nilidhani ataelewa.

"Hiyo si yetu, dada," akasema. "Hiyo ni ya wenye nyumba huko juu. Utaenda ulale tu, uaibike."

"Tiketi haijaandikwa kazi ya mtu."

"Sawa basi. Ukirudi utuambie ulielewa nini."

Nilikasirika kuliko nilivyoonyesha. Mtu wa kunizuia mlangoni ningemtarajia awe mwenye jengo, si mwenzangu wa kwaya.

Jumamosi asubuhi nilianzia Satwa kwa fundi wa nguo. Gauni langu la kitenge, nililotoka nalo Vihiga, lilikuwa limenikataa kiunoni, maana wali wa kambini tunakoishi wafanyakazi si mchezo. Fundi, mzee wa Kipakistani mwenye miwani puani, aliliangalia, akaniangalia na mimi.

"Harusi?" akauliza.

"Muziki."

"Wa kucheza?"

"Wa kukaa kimya."

Alitikisa kichwa, akafumua, akashona. "Khalas, sista. Sasa pumua." Kamau alikuwa ameniambia kwamba huko watu huvaa nyeusi. Kitenge changu ni cha rangi ya chungwa, na nilikivaa kwa sababu hiyo hiyo.

Alasiri nikashuka kwenye treni Al Jaddaf, nikatembea juani kati ya minara mipya hadi ukumbini. Ndani kulikuwa na baridi kama jokofu la bucha. Kiti changu kilikuwa mstari wa tatu kutoka mbele. Nikajiambia kwa sauti, "Baridi gani hii," na mama aliyekaa kando yangu, mwenye buibui na harufu nzuri ya udi, akanitupia ncha ya shali yake mapajani.

"Jifunike, mwanangu. Hapa ndivyo palivyo."

Aliitwa Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja akaletwa huku akiwa mtoto, na Kiswahili chake hakijachakaa. Alisema huja kwa ajili ya fidla, kwa sababu kwao taarabu haikuwahi kukosa fidla.

Kiongozi wa wanamuziki alitoka na fimbo yake nyembamba, akatueleza kama watoto wa darasa la kwanza, na mimi nilimshukuru kwa hilo. Kuna vyombo vya nyuzi, vya kupuliza na vya kupiga. Kipande kimoja huwa na sehemu kadhaa, na kimya kilichoko kati ya sehemu na sehemu si mwisho, kwa hiyo usipige makofi mpaka ateremshe mikono na kugeuka. Hilo nililishika. Ambalo hakulisema ndilo lililoniponza.

Kipande cha pili kilikuwa kile cha mapokezi ya jengo letu. Nilikijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Na kwetu kanisani, ukisikia sauti ya kwanza inakwenda peke yake na wewe ni alto, huiachi mwenzako njiani. Mdomo niliufumba lakini koo likafanya kazi yake, nikawa navumisha sauti ya pili, taratibu, vizuri kabisa. Mwanamke wa mbele yangu aligeuka. Akageuka tena. Bi Zuwena akanigusa goti, ndipo nikajisikia. Uso uliniwaka.

Wakati wa mapumziko yule mwanamke alikwenda kusema na msichana wa mlangoni, na msichana akanijia akitabasamu.

"Madam, kule nyuma karibu na mlango kuna viti vyenye nafasi zaidi. Utakaa vizuri."

Mimi ni mlinzi. Najua mtu anavyoondolewa kwa heshima. Unampa sababu inayomfaa yeye, unanyoosha mkono, na yeye anajibeba mwenyewe. Nimewafanyia wengi. Nikajua pia kwamba nikisogea hadi ule mlango, nitarudi Marina na maneno ya Kamau yakiwa ya kweli, na sitakanyaga tena mahali pa namna hii.

"Nimekosea, na sitarudia," nikamwambia. "Lakini kiti changu ni hiki."

Sikuinuka. Akaenda zake.

"Umefanya vyema," Bi Zuwena akasema. "Hapa hawaitikii, husikiliza tu. Shika chombo kimoja ukifuate, ukikiweza shika cha pili. Na ile sehemu ya polepole mimi huilala, lakini usimwambie mtu."

Sehemu ya pili ya onyesho nilitafuta chombo cha kushika. Nikakiona kile kinachofanana na fidla ila kikubwa kidogo, kilichoko katikati, ambacho hukisikii mpaka ukitafute. Kilikuwa kinapita chini ya fidla, kikiijaza bila kuipita. Kumbe na wao wana alto. Nilibana midomo, machozi yakanitoka, nikayaacha. Bi Zuwena alikuwa amelala kweli.

Mikono ya kiongozi ikashuka, akageuka, nami nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Yule mwanamke wa mbele alikuwa ameshachukua mkoba wake, anapenya kati ya magoti ya watu kuwahi gari kabla ya foleni. Wanamuziki walikuwa bado hawajainama kushukuru.

Magharibi nilikuwa kwenye treni ya kurudi Marina, na shali ya Bi Zuwena mabegani. Alikataa kuichukua, akasema nitamrudishia tutakapoonana hapo hapo.

Kesho yake kwenye zamu Kamau hakusahau.

"Haya, ulielewa nini?"

"Kwamba kusikiliza ni kazi, na inafundishika. Nilikosea mbele za watu, wakataka nihamie mlangoni."

"Nilikwambia."

"Sikuhama. Aliyetaka nihamishwe alitoka kabla yangu, tena kabla muziki haujapewa makofi yake."

Alitazama darini, muziki ulipokuwa unatokea.

"Besi wanayo?" akauliza.

"Wanayo. Nenda kaisikilize mwenyewe."