Papa Jolie Alivyomlilia Roboti

Familia kubwa ya watazamaji wa salle ya sinema ya Mirindi, mtaa wa Murara, kwa moyo uliopondeka, inawatangazia wakaaji wote wa Goma, ndugu walioko Kiwanja na jamaa walioko kwenye sayari za mbali, kifo cha mpendwa wao Papa Chuma, roboti mlezi wa watoto, kilichotokea Jumapili mchana baada ya betri kumwishia. Marehemu hakuacha mke, hakuacha shamba, hakuacha hata spana. Ameacha mfiwa mmoja tu: Nsengimana, baba yake Jolie, muuza misumari na manjanja, yale mabati ya kuezekea nyumba. Kilio kiko kwake. Wenye viti waje navyo.

Tangazo hili halikusomwa kwenye redio yoyote. Lililosomwa, majuma machache kabla, lilikuwa la mama-mkwe wake Nsengimana, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mama-mkwe huyo, Mama Joviale, alikuwa mwanamke wa upande wa Bukavu aliyehamia Lac Vert akaotesha maharage katikati ya mawe ya volkano, kana kwamba mawe yale yalikuwa udongo wenye kiburi tu. Mwaka ule mlima ulipopasuka na watu wakatoroka kwa miguu njia ya Sake, Nsengimana alifika mlangoni kwake na mke, mtoto, na godoro kichwani. Mama yule hakuuliza nini kimeungua. Aliuliza, "Mumekula?" kisha akageuka kuwasha makaa. Ndivyo alivyofungua kila mazungumzo, hata kwa simu, hata na padri, hata na mtu aliyemletea facture ya kulipia maji.

Sasa mwanamke wa namna hiyo amekufa, na mkwe wake ameketi chini ya bâche, turubai la kilio, kati ya wanaume, macho makavu kama sementi ndani ya gunia. Si kwamba hakujaribu. Alifikiria maharage. Alifikiria lile godoro. Alikwenda nyuma ya jikoni akasimama karibu na wanawake waliokuwa wakikata vitunguu, akavuta pumzi kwa nguvu. Alipiga chafya tu.

Kwa wakwe zake, mtu hulia mpaka jirani asikie. Na mama wadogo, hata katikati ya kilio, walikuwa na jicho moja lililobaki kazini, likimkagua mkwe. Shemeji Joviale, dada mkubwa wa mkewe, hakukagua kwa siri.

"Shemeji," akamwambia mbele ya watu, "hiyo macho ni yako, ao uliiazima na bado unaogopa kuichafua?"

Nshobole, mkewe, ndiye aliyemkinga. "Yaya," akamwambia dada yake mkubwa, "umuache. Kwabo mwanaume analiaka mu tumbo. Machozi inashukaka ndani."

Kweli, kwa Wanyarwanda wa Rutshuru, watu wake Nsengimana, msemo huo uko, kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Nsengimana aliudaka kama mtu anayezama adakavyo kamba. Tangu saa hiyo, kila baada ya muda aliweka mkono kwenye tumbo lake, watu waone kwamba kazi inaendelea huko chini. Joviale alilitazama lile tumbo, ambalo halikuwa dogo, akauliza kama kweli yale yote ni machozi.

Lakini Nshobole aliamini. Aliamini kabisa, na hilo ndilo lililokuwa likimla mumewe. Mke amefiwa na mama, na kitu pekee alichoomba kwa mume ni kwamba tumbo lake lisiwe tupu.

Sasa, kuna jambo la kujua juu ya Papa Jolie. Mtu huyu, anayeweza kukuuzia manjanja mchana kutwa bila kutabasamu, anapenda filamu za angani kupita kiasi. Meli kubwa kama Goma yote na uwanja wake wa ndege. Majitu ya mikono sita. Jua linalolipuka, na mtu mmoja tu amebaki wa kulizima. Za vita vya kawaida hataki. Anasema kwa vita, mtu wa Goma hana haja ya kuingia salle. Ila mpe sayari ya zambarau na wafalme wake, atakueleza siasa yake vizuri kuliko anavyokueleza siasa ya kwetu, tena kwa matumaini zaidi. Wateja wake wanajua. Ukija kununua msumari, unaondoka na msumari na habari za vita vya nyota.

Na sheria ya kilio iko wazi. Mpaka siku ya levée de deuil, siku familia inapovua kilio kwa misa na chakula, mfiwa haendi harusini, hachezi muziki, haendi sinema. Anavaa kitambaa cheusi kifuani, kimeshikwa na pini, ili watu wajue.

Jumapili ile, filamu ambayo Murara yote ilikuwa ikiisubiri ilifika kwa Mirindi. Nsengimana alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuangalia kama mvua imeingia kwenye manjanja ya dukani. Nje kulikuwa na jua la kupasua mawe.

"Enda," Nshobole akasema. "Kazi ni kazi." Akasogea, akamnyooshea kile kitambaa cheusi kilichokuwa kimepinda, akakifunga upya na pini. "Mama asitembee upande upande ku kifua yako."

Mwanaume mwenye aibu angebaki nyumbani. Huyu alikwenda, na aibu akaenda nayo.

Salle ya Mirindi ni mbao zilizosimamishwa juu ya mawe meusi, mabenchi, na pazia jeupe. Mirindi mwenyewe husimama kando na mikro, akitafsiri filamu kwa Kiswahili cha Goma papo hapo. Kiingereza chake ni cha kukisia, lakini kukisia kwake kunapendeza kuliko filamu yenyewe. Kwa Mirindi, meli za angani husimamishwa kwenye barrière na kuombwa karatasi. Wafalme wa nyota husema wako mkutanoni, katika réunion. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Filamu ya siku ile ilihusu sayari iliyoishiwa maji. Wazazi wote wamekufa, na roboti mmoja mzee, ambaye Mirindi alimbatiza Papa Chuma, amebaki kulea watoto wao. Mwishoni ikapatikana meli ya kuwatoa, lakini haina nguvu ya kuruka. Papa Chuma akafungua kifua chake, akaunganisha waya. Taa nyekundu ya betri kifuani ikaanza kupungua, kamstari baada ya kamstari. Akawauliza watoto swali moja. Kisha taa ikazima.

Nsengimana alisikia kitu kikitembea tumboni. Alidhani ni maharage. Kikapanda kifuani, kikafika kooni, na yote ambayo mtu huyu alikuwa ameyameza tangu utotoni, kama wazee wake walivyomfundisha, yakatoka kwa mlango mmoja. Alilia kwa sauti. Alilia kwa pua. Benchi likatetemeka.

Jirani yake akageuka amcheke, akaona kile kitambaa cheusi.

"Papa, uko na kilio?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ilikuwa kweli.

"Nani aliondoka?"

"Mama-mukwe."

Hiyo pia ilikuwa kweli. Kila neno peke yake lilikuwa kweli. Yalipokaa pamoja ndipo yakawa uongo.

"Batu," Mirindi akasema kwenye mikro, "mutu wetu iko na kilio. Filme itangoja. Bale balikufa kule juu habana haraka."

Goma inaweza kukunyima courant ya umeme, maji na usingizi, lakini haitakuacha ulie peke yako. Mfiwa akizidiwa njiani, husindikizwa mpaka kwake. Basi salle ikatoka nzima. Mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi. Wenye pikipiki wakazima mota, wakazisukuma nyuma ya watu kwa heshima. Mara mbili Nsengimana alijaribu kusema, "Ni roboti," na mara mbili kwikwi ililimeza neno. Walipofika kwenye parcelle yake, kiwanja cha nyumba yake, lilikuwa kundi la kuweza kumzika waziri.

Nshobole alikuwa nje anaanua nguo, na Joviale yuko naye. Joviale akaona yule mkwe wa macho ya kuazima, uso umevimba kama andazi, watu wanamshika mikono. Akaachia beseni.

"Alikuwa wapi?" akauliza.

Mirindi akafikiri kidogo tu. Mfiwa aliyekutwa sinema ni haya ya familia nzima, na Mirindi ni mtu mwenye roho nzuri. "Tulimukuta ku njia," akasema.

Joviale akamkumbatia shemeji yake, jambo ambalo hata siku ya harusi hakulifanya. "Unisamehe, shemeji. Nilikutukana bure." Nshobole alileta maji akamnawisha uso mwenyewe, polepole, kama mtu anavyomnawisha mtoto.

Tangu hapo maisha ya Nsengimana yakawa matamu, na hakuna adhabu iliyomchoma kama utamu huo. Joviale alimletea sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria yenye kifuniko. Mama wadogo walimpigia simu kumuuliza kama amelala. Nshobole aliwaambia majirani, "Ilijaa mu tumbo, mpaka ikamwangika," na wanawake walitazama waume zao kwa dharau. Kila tonge lililomfikia halikuwa lake. Lilikuwa la roboti.

Alijaribu kusema. Siku moja mkewe anapiga pasi, akaanza: "Mama Jolie, ile siku ya Jumapili..."

"Minajua," Nshobole akamkatiza kwa upole. "Usijilazimishe."

Akaenda kuungama. Padri alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia amweleze mkewe, kisha akauliza kama ile filamu bado iko kwa Mirindi.

Levée de deuil ilifanyika Lac Vert, kwenye parcelle ya marehemu mwenyewe, maharage yake yakiwa yamepanda mpaka juu ya ukuta wa mawe. Baada ya misa watu walivua vitambaa vyeusi. Wanawake walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja. Mirindi, msamaria wa njiani, alialikwa akawekwa mbele na soda yake. Ikafika saa ya neno la wakwe, na hakukuwa na mjadala nani atasema.

Joviale akashika mikro. "Mi nilikuwa wa kwanza kumusema mubaya. Leo natubu mbele ya batu. Shemeji, simama. Uambie batu vile ulimulilia mama."

Nsengimana akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, ya kwenda katikati, yasiyo uongo mkubwa. Akamtazama mkewe kwenye benchi la mbele. Nshobole alikuwa tayari amekunja leso safi juu ya goti, si yake, ya mumewe, kwa sababu alijua kwamba leo tena atalia.

Ile leso ilimshinda.

"Mi sikumulilia mama," akasema.

Chini ya bâche, waliokuwa wakinong'ona wakageuka kumtazama.

"Nililia roboti. Kwa Mirindi, ku sinema. Tukiwa tungali mu kilio. Nilikudanganya, Mama Jolie. Mvua haikunyesha."

Mirindi akaangalia ndani ya soda yake kama anayetafuta mlango.

"Roboti," Joviale akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Ile ya chuma."

"Ya chuma."

Nshobole hakuinua sauti. Aliuliza kutoka palepale alipoketi, "Alikuwa na kazi gani, huyo roboti?"

"Analisha batoto. Wazazi yao walikufa."

"Na mbele ya kufa alisema nini?"

Nsengimana akamgeukia Mirindi, kwa kuwa sauti ilikuwa yake. Mirindi akasimama, amejaa haya, akakohoa, na kwa ile sauti nene ya Papa Chuma akasema:

"Mumekula?"

Kisha Nshobole akaiweka leso mdomoni, mabega yakaanza kumtingishika, na kwa muda haikujulikana kama anacheka au analia. Baadaye ikajulikana kwamba ni yote mawili. Akasogea pembeni, akapiga kofi kwenye nafasi iliyobaki kando yake, kwamba mumewe aje aketi.

Hapo watu wote wakaelewa kwa pamoja, kama wanavyoelewa watu wanaotamani sana kuelewa. Mama mdogo mmoja akapaza sauti kwamba ni marehemu mwenyewe, alipita mu ile mashini kumuita mkwe wake. Wengine wakaitikia. Wanawake waliokwisha kuvua kilio wakalia upya, bila kitambaa. Kama Mirindi alitafsiri neno lile au alilitunga mwenyewe, hakuna aliyemuuliza, naye hakujitolea kusema.

Joviale akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akamnyooshea shemeji yake mikro.

"Sasa tumejua," akasema. "Uliposikia ile sauti, shemeji, ulimusikia mama. Ni vile?"

Watu wakasubiri. Kilichotakiwa kilikuwa kutikisa kichwa tu, kama alivyotikisa siku ile kwenye benchi la Mirindi. Nsengimana akamtazama mkewe, akaishika mikro kwa mikono miwili.

"Hapana, shemeji," akasema. "Mi nilikuwa naangalia betri."