Mzee Aliyeniinamia

Miaka ya tisini nilikuwa Texas, Marekani, nikihudumia wazee majumbani. Wale wa Irving walikuwa Wazungu, na kwao "good morning" ilitosha. Huyu wa Grand Prairie alikuwa mweusi kama babu yangu wa Usukumani. Binti yake aliniambia tu kwamba ni Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia, aliyekuja Texas kuishi naye uzeeni, na kwamba miguu haimbebi. Asianguke, alisisitiza. Nyonga ikivunjika tena, hatapona.

Basi siku ya kwanza, binti alipokwenda kazini, nikamwamkia mzee wa watu kama nilivyolelewa: nikapiga goti, nikainamisha kichwa.

Mzee akainuka kitini, peke yake, bila mkongojo. Akanyoosha mikono ubavuni, akainama mbele yangu hadi kiunoni.

Mkubwa akuinamie? Kwetu hiyo ni laana. Hofu ikaniingia, nikainama zaidi. Naye akazidi, magoti yakimtetemeka, huku akitaja namba kwa lugha nisiyoijua. Nikashuka kwa magoti yote mawili. Akafumba macho, akakaza taya kama mtu anayengoja kofi. Mimi nina kiherehere cha kurekebisha mambo, lakini pale akili ilinihama. Kumshika niliogopa, kumwacha niliogopa.

Nikaivuta simu kutoka mezani, nikampigia binti yake.

"Umemwinamia?" aliuliza. "Baba alikuwa mateka wa Wajapani vitani, yeye na Waaborijini wenzake wawili. Walihesabiwa kwa Kijapani, na asiyemwinamia mlinzi alipigwa. Wenzake hawakurudi. Simama wima, mpe mgongo, nenda mlangoni."

"Ataanguka, mama."

"Akiendelea kukuona hapo ndipo ataanguka."

Heshima si utumwa, tuliambiwa tangu utotoni. Kwa mzee huyu ilikuwa utumwa mtupu, na niliwachukia watu nisiowajua waliomfundisha hivyo. Nikageuka. Nilisimama mlangoni nikiutazama ukuta, masikio yote nyuma, nikimwomba Mungu nisisikie kishindo. Sijawahi kuogopa namna ile. Hatimaye nikasikia kiti kikitoa mlio, na pumzi ya mtu aliyeketi.

"Ameondoka?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Ameondoka, mzee."

Akaniomba nifunge mlango kwa ufunguo. Nikaufunga, nikakijaribu kitasa, nikakijaribu tena, maana kufikia hapo hata mimi nilikuwa namwogopa yule mlinzi.