Maganda ya Karanga Kuelekea Kisima cha Mama Poni

Niliondoka ofisini, mtaa wa Thongpiny, saa tatu asubuhi kwenda kukitetea kisima dhidi ya kompyuta yangu mwenyewe. Ninyi wa Kitale mnaouliza nafanya nini Juba, ni hivi: naielezea kompyuta ardhi ilivyoinama, mvua inavyonyesha na vyoo viko wapi, nayo inakokotoa maji machafu yataishia wapi. Kisima cha Mama Poni kule mtaa wa Lemon Gaba ilikuwa imekipaka nyekundu, rangi ya hatari. Ramani ikitoka alasiri hiyo, kisima kingefungwa.

Mimi niliijua kasoro. Setilaiti huona tuta la barabara, haioni kalvati, bomba la kupitisha maji lililo chini yake. Kompyuta ikadhani barabara ni ukuta, ikayarudisha maji kisimani. Bosi wangu, Mhandisi Lado, alinipa mpaka saa tisa nilete ushahidi.

Njiani boda ilipita mashimo ambayo, naapa, yangemeza kifaru na mkwewe. Shule ya jioni ilinipa cheti cha kompyuta, si cha kuning'inia nyuma ya pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mitaro ikitiririka. Vizuri.

Saa nne na nusu nikafika. Mama Poni, aliyekulia ukimbizini Uganda na sasa anasaga karanga za kuuza, alinisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Hiyo kompyuta yako ilishawahi kunywa hii maji?"

"Hapana, mama."

"Basi inajua nini?"

Nikamwomba gunia la maganda ya karanga. Tungeyamwaga mtaroni karibu na vyoo. Yakipenya kalvati, kisima kimepona. Majirani walitufuata, umati wa kujaza uwanja wa mpira mara mbili.

Maganda yalielea vizuri hadi barabarani. Yakazunguka mbele ya kalvati, yakageuka, yakarudi taratibu hadi kwenye ukingo wa kisima uliopasuka na kuanza kutumbukia. Nilichungulia kalvati: chupa za plastiki zimeshindiliwa mpaka juu. Kompyuta ilikuwa imekosea sababu, jibu ikapata.

"Sasa utaandika nini?" Mama Poni akaniuliza, polepole.

"Nyekundu, mama."

Alikaza kitenge kiunoni, akachukua jembe, akashuka mtaroni. Nikavua viatu nikamfuata, na majirani nao. Tulitoa chupa za kutosha kujaza Nile. Saa saba gunia la pili la maganda lilipenya na kutokea ng'ambo. Nilimweleza kwamba hata hivyo kisima kingefungwa kwanza, kitiwe dawa, ufa uzibwe, maji yapimwe. Alikubali kwa kuguna.

Saa nane na nusu nikarudi Thongpiny nimejaa tope hata mlinzi akaniomba kitambulisho. Niliiingiza kalvati kwenye kompyuta, nikachora ramani mbili: kalvati ikiwa wazi, kisima njano, yaani tahadhari tu; ikiziba, nyekundu. Mhandisi Lado akauliza atoe ipi. Nikasema zote mbili. Nilikuwa nimejifunza kwamba kompyuta inajua mteremko, lakini haijui nani atatupa chupa kesho.

Na nani atailinda kalvati, akauliza. Nikampigia simu Mama Poni.

"Sisi wenyewe," akasema. "Lakini ile ramani nyekundu uniletee. Nitaibandika pale wanapotupa chupa."